Mstari wa Mwisho

Kabla ya king'ora cha saa moja, Mama Kola alilamba ncha ya uzi, akaibana kwa vidole, akaipeleka kwenye tundu la sindano. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Ameifanya miaka kumi na tisa kwenye cherehani ileile, akishona kola za mashati. Leo uzi ulipita kando. Akalamba tena. Ukapita kando tena. Mguu wake ukaanza kugongagonga kikanyagio, ingawa hapakuwa na kitu cha kushona.

Binti wa cherehani ya jirani akainama kama anayeokota kifungo, akamtungia. Amekuwa akifanya hivyo tangu mwaka jana, na hawajawahi kulizungumzia.

Kazi ilipoanza tu, msimamizi akazima mashine zote. Kesho wanakuja madaktari wa macho, akatangaza. Watawapasua bure watu kumi wenye mtoto wa jicho. Wanatoa ukungu, wanaweka kilenzi, robo saa tu, jioni uko kwako na bendeji. Anayetaka aende kwa nesi sasa hivi.

"Nenda, mama," binti akanong'ona. "Ukiikosa hii utashona vidole."

"Na faili je?"

Kila Machi kiwanda kiliwapima wote macho, na aliyeshindwa kusoma alipumzishwa, yaani hakurudi. Ubao wa herufi ulikuwa uleule kwa miaka tisa. Basi waliukariri. Wageni walifundishwa herufi kabla hata ya kuonyeshwa choo, na mwalimu wao alikuwa Mama Kola.

Chumba cha nesi kilinuka rangi mbichi. Meneja naye alikuwemo. Mama Kola alimtambua kwa kikohozi chake. Nesi alifungua faili, akasoma kwa sauti ndogo kwamba mama huyu anaona mpaka mstari wa mwisho, macho yote mawili, mwaka hata mwaka.

"Sasa umekuja kupasuliwa nini?" meneja akauliza.

Mama Kola alisema ana ukungu kidogo, wa asubuhi tu.

"Wa asubuhi." Karatasi ikageuzwa. Meneja alieleza kwamba zimebaki nafasi mbili, na moja ni ya mama mkwe wake. Kisha akalegeza sauti, kama anayemsaidia. "Maana kama huoni, mama yangu, basi Machi ulinidanganya. Na mdanganyifu anaondoka leo, daktari hamkuti. Haya niambie. Unaona, au huoni?"

Watu watano walikula kutoka kwenye cherehani ile. Mguu wake ulikuwa ukitafuta kikanyagio sakafuni.

Akageukia ukuta. Midomo ikamtangulia. "K, Z, D. H, N, V, R." Akashuka mpaka mstari wa mwisho bila kukwama, kwa mwendo wa sindano. Halafu meneja akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka kiti kikalia.

Nesi akamshika bega. "Ubao tuliuteremsha jana, mama. Tunapaka chumba rangi kwa ajili ya madaktari. Huo ni ukuta mtupu."

Akasubiri kufukuzwa. Badala yake alisikia muhuri ukigongwa kwenye faili.

"Anaona," meneja akasema, bado akifuta machozi. "Tena kunishinda mimi. Kola elfu mbili zinatakiwa Ijumaa, mama. Rudi kwenye mashine."

Nesi alimwongoza mpaka mlangoni. Nje, kwenye benchi, wenzake walikuwa wakisubiri zamu, na wakisubiri walikariri kwa kunong'ona, endapo wangeulizwa: K, Z, D. H, N, V, R. Kwa mwendo uleule aliowafundisha.

Mama Kola akasimama kizingitini, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Mguu ukatulia.

"Sioni," akasema, kwa sauti ya kufika mpaka mezani kwa meneja. Minong'ono ikakatika. "Mwaka wa tatu huu, sioni."