Mguu wa Kushoto wa Wattie Haddow

Effie Haddow alikuwa amepiga magoti akisugua ngazi za jengo, maana wiki hiyo zamu ilikuwa yake, aliposikia viatu vya mumewe vikishuka.

"Kanyaga pembeni," alisema bila kuinua kichwa. "Na usirudi bila karatasi."

"Nimesikia."

"Rob anatushikia nafasi mpaka Jumatatu tu. Kazi ya mbao, nyumba ya vyumba viwili, choo ndani. Choo ndani, Wattie!"

Rob alikuwa kaka yake Effie. Alichezea timu ndogo huko pwani ya kaskazini, na mwenye kiwanda cha mbao cha huko aliwapa wachezaji wake kazi na nyumba. Sasa mwenye kiwanda huyo alitaka mtu mmoja aliyewahi kucheza ligi kubwa. Sharti lilikuwa moja, aje na karatasi ya kuachiwa na klabu yake.

Ilikuwa mwisho wa Aprili, mwaka 1931, siku ambayo klabu ya Wattie, Garrieburn, hubandika orodha mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo. Upande mmoja wanaobakizwa, upande wa pili wanaoachiwa. Miaka yote Wattie aliomba abakizwe. Klabu haikumlipa kitu tangu Mei mpaka Agosti, lakini miezi hiyo alishuka mgodini kuchimba makaa. Sasa mgodi ulikuwa umefungwa tangu Krismasi, na mtu aliyebakizwa haruhusiwi kuchezea timu nyingine yoyote, hata asipolipwa.

Dod Carmichael, beki wa kati, alikuwa amemshauri vizuri kabla ya mechi ya mwisho. "Cheza kama mlevi, kaka. Watakutupa wenyewe."

Dakika sabini Wattie alicheza kama mlevi. Alipiga krosi nje, alianguka bila kuguswa, mashabiki wakamwita bibi kizee. Kisha mpira ukatoka juu, ukashuka mbele yake, na kabla hajawaza mguu wa kushoto ulikuwa umeshaupiga. Wavu ukatikisika. Uwanja mzima ulisimama, na yeye, mjinga, akainua mikono.

Sasa alikuta Dod amesimama mbele ya orodha, kofia mkononi.

"Nimeachiwa," alisema Dod. "Miaka tisa, Wattie. Hata kuniambia kwa mdomo wameshindwa."

Wattie alilitafuta jina lake upande huo huo. Halikuwepo. Lilikuwa upande wa wanaobakizwa, la tatu kutoka juu.

"Tungebadilishana," alisema Dod, akajaribu kucheka.

Mwenyekiti wa klabu, Bwana Purdie, alikuwa mwuza nyama. Wattie alipanga foleni dukani nyuma ya akina mama watano, kwa sababu Purdie hakuzungumza mpira na mtu aliyeruka foleni.

"Bwana Purdie, naomba mniachie. Nina miaka thelathini na moja. Goti limekwisha."

"Goti la kulia," alisema Purdie, akichonga mfupa. "Lile bao la Jumamosi ulifunga kwa mguu upi?"

"Ile ilikuwa bahati tu."

"Basi ni bahati yetu. Klabu tajiri ya kule Uingereza ikiulizia kumnunua winga wa kushoto, niwaambie nini? Kwamba nilimgawa bure kwa wapasua mbao?"

"Nani ameulizia?"

"Bado. Lakini wakiulizia." Alifuta kisu kwenye aproni. "Mguu ule ni mali ya klabu, Haddow. Utunze. Agosti tuonane."

"Na mpaka Agosti wanangu wale nini?"

Akina mama wote walimgeukia Purdie. Purdie alipima nyama ya kusaga kidogo, akaifunga kwenye karatasi, akaisukuma juu ya meza. "Hiyo usilipe."

Wattie aliitazama. Angependa kuiacha pale. Aliichukua, akaitia mfukoni.

Ofisi ya wasio na kazi ilikuwa mtaa wa pili. Karani alikuwa kijana mwenye kola safi, aliyesoma fomu kwa kidole.

"Umebakizwa na klabu. Basi una mwajiri."

"Hanilipi."

"Hilo ni kati yako na yeye. Posho ni ya wasio na kazi."

"Basi niandikie kwamba nina kazi, nikamwonyeshe mke wangu."

"Anayefuata!" alisema karani. Kisha akainama, akashusha sauti. "Lile bao, lakini. Baba yangu analizungumzia mpaka leo."

Jioni Wattie alimkuta Dod kwenye kiwanja cha majivu nyuma ya mgodi, ambapo wachimbaji wasio na kazi walicheza mpira mpaka giza. Alitoa barua ya Rob.

"Soma. Wanataka mtu wa ligi kubwa mwenye karatasi. Jina hakuna."

Dod alisoma mara mbili. "Hii ni ya kwako."

"Karatasi unayo wewe."

"Effie anajua?"

"Atajua."

"Lakini wanasema hapa wangependa winga. Mimi winga? Na tumbo hili?"

"Waambie upepo wa kule ni mkali, utakusukuma."

Dod alicheka, kisha akageuka upande, akajifuta uso kwa kofia. Wattie alimwacha amalize.

"Kuna choo ndani," alisema Wattie. "Panda treni ya asubuhi."

Mpira uliwatoka wachimbaji, ukabiringika mpaka miguuni pake. Mmoja akapaza sauti, "Wattie! Turudishie! Kama lile bao!"

"Mwache," alisema mwingine. "Purdie akisikia, anamfungia."

Mpira ulikuwa umekaa sawasawa upande wa mguu wake wa kushoto. Wattie aliutazama. Nyama ilikuwa imeanza kulowanisha mfuko wake. Alizunguka mpira mpaka upande wa pili, akarudi nyuma hatua tatu, goti likalia, akaupiga kwa mguu wa kulia. Ulipaa kombo, ukatua kwenye dimbwi la maji meusi mbali na kila mtu.

Kiwanja kizima kilimzomea.

"Miaka kumi na mbili ya kulipwa, na mguu wenyewe gogo!"

"Gogo kweli," alisema Wattie, akishika goti. "Lakini huu ni wangu."

Akaenda mwenyewe kuutoa mpira kwenye dimbwi.