Bawa la Kushoto

Baba aliijenga ile ndege ndani ya banda la nyuma kwa miaka kumi na mmoja, na mama ndiye aliyeshona kitambaa cha mabawa. Siku baba alipotua vibaya akaiingiza mtaroni, lilivunjika bawa la kushoto pamoja na mguu wake. Mama akaapa hatagusa tena hata msumari wa ndege hiyo. Baba alikuja kufa kwa maradhi mengine, ndege ikiwa bado chini ya turubai.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini randa naijua. Bawa nililijenga upya kwa miaka miwili, nikalivika kitambaa, nikalishona. Ikabaki cheti cha kuirusha. Bila cheti, ndege ni kabati tu.

Mkaguzi wa ndege alikuja, akagonga mbao, akaridhika. Kisha akavuta uzi kwa kidole, ukalegea.

"Fundi, hapa umeshona gunia."

"Uzi ni uleule wa bawa la kulia."

"Uzi ndiyo, mkono sio. Kulia alishona nani?"

"Mama yangu."

"Basi kamwombe. Narudi Ijumaa. Uzi ukilegea tena, sitii sahihi."

Nilimkuta mama jikoni anaosha vyombo.

"Mama, nimefeli."

"Tangu lini hiyo ikawa habari?"

Nikamweleza. Akafuta mikono polepole.

"Ulishona na nani?"

"Peke yangu."

"Ndiyo maana. Ile kazi ni ya wawili, mwanangu. Mimi juu, baba yako kalala chini ya bawa. Naisukuma sindano, anairudisha. Nikikawia, anapiga mluzi kama anaita mbuzi."

Akavaa miwani, akanifuata bandani. Ndege hakuitazama, alitazama bawa tu. Alifumua mshono wangu wote bila huruma. Nikalala chali chini ya bawa. Sindano ikatokeza, nikairudisha.

"Kaza! Huo mkono au mkate?"

Siku ya pili usingizi ulininyemelea, nikakawia. Nikasikia mluzi kutoka juu. Nikairudisha sindano. Ilichelewa sana kushuka tena.

Ijumaa mkaguzi alivuta uzi, ukagoma. Akatia sahihi.

Tulipoifikisha ndege uwanjani, mama hakungoja injini iwake. Alisema anawahi nyumbani kuanua nguo. Nilipopita na ndege juu ya nyumba nilimwona uani, kichwa kakiinua, kiganja kimekinga jua. Kamba haikuwa na nguo hata moja.