Tutaongea Murongo

Anatolia wa Kituntu alikuwa na kichwa kigumu, na mwenyewe alilijua hilo. Mwaka mzima hakuongea na Placidia, rafiki yake wa njiani, mwanamke wa Kanoni aliyekutana naye katika msafara wa mahujaji waendao kwa miguu Namugongo, walikouawa Mashahidi wa Uganda. Siku hiyo ya kwanza Placidia alimkuta kando ya barabara analia kwa malengelenge. Akamfunga nyayo kwa maganda laini ya mgomba, akamwambia, "Inuka bwana! Mashahidi walichomwa moto, wewe unalilia kiatu?" Walicheka mpaka wakakaa chini tena. Tangu hapo, miaka mitano, kila Mei walitembea pamoja, wakala sahani moja na kulala mkeka mmoja.

Mwaka jana shetani akapita katikati yao. Placidia anakohoa, kila kilima anataka kupumzika, na Anatolia anataka kuwahi mkesha wa sikukuu ya Mashahidi. "Kama umekuja kutalii, sema!" akamfokea mbele ya watu, akatangulia. Wakarudi nyumbani kila mtu kivyake.

Sasa, msafara wao una desturi. Waliogombana hupatana darajani Murongo, kabla ya kuvuka Mto Kagera kuingia Uganda. Hupasua tunda moja la kahawa ya kutafuna, ndani mna punje mbili, kila mmoja anatafuna yake na maneno yameisha. Desturi nzuri, nani anabisha? Ila Anatolia aliifanya kichaka cha kujifichia. Jamani, kutoka Kituntu hadi Kanoni ni safari ya kuaga watu? Unapanda bodaboda asubuhi, jioni uko jikoni kwako. Hakwenda. Mwezi wa tatu simu ya Placidia iliita, na siku tatu baadaye ikaita tena. Mara zote mbili alilitazama jina, akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Tutaongea Murongo," akasema peke yake.

Na wala hakuwa na kinyongo tena. Aibu ya yale maneno ilikuwa inamla, akataka kuomba radhi mahali panapotambulika.

Mei ilipofika alichagua tunda moja la kahawa, zuri kuliko yote, akalifunga kwenye pindo la kanga. Watu wa Kanoni walikuwa wametangulia. Njia nzima Anatolia alijifunza maneno ya kusema. Huko Murongo aliwapita wafanyabiashara na mizigo yao bila kugeuka, macho yakitafuta kitenge cha njano cha Placidia. Akakiona karibu na daraja, moyo ukamruka.

Aliyekivaa akageuka. Alikuwa msichana.

"Shikamoo, mama. Mimi Noela, mtoto wa Placidia."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuko wapi? Kapumzika tena?"

Noela akainamisha kichwa. "Mama tulimzika mwezi wa tatu."

Anatolia akashika chuma cha daraja. "Mbona sikuambiwa?"

"Tulikupigia, mama. Mara ya kwanza alipiga mwenyewe, yuko kitandani. Ya pili nilipiga mimi, nikuite mazikoni."

Alisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza Anatolia kuliko matusi. Noela akafungua kikaratasi. Ndani mlikuwa na punje moja ya kahawa.

"Yake alishatafuna. Alisema, 'Namjua Anatolia, hawezi kuja kabla ya Murongo. Mpelekee yake.'"

Anatolia akakaa chini palepale na kulia kwa sauti, watu wakimtazama. "Placidia, nisamehe! Mjinga mimi, nisamehe!" Akaitia punje mdomoni, akaitafuna huku machozi yanaingia humo humo. Kisha akagusa pindo la kanga. Tunda lake lilikuwa zima.

Msafara ulipoanza kuvuka ukiimba, alisimama, akamkumbatia Noela, akajitwika mzigo wake na kushika njia waliyojia.

"Wee Anatolia!" wakamwita. "Namugongo ni huku!"

"Najua," akasema. "Mimi nakwenda Kanoni."