Bahati ya Daktari wa Meno

Jumatatu walikaa mezani watu kumi na wawili. Ijumaa asubuhi walikuwa wamebaki watatu, na mmoja wao alikuwa Orrin Babcock, mzee wa miaka sitini na nane, ambaye wiki nzima alikuwa anacheza kama mtu anayetupia kuku mtama. Karata zake alizitazama akikumbuka. Sarafu zake za plastiki, zile za kuwekea dau, alizisukuma alipojisikia. Na bado alikuwepo. Wapiga picha walikuwa wamemwita Mwana wa Bahati, na Verna, mke wake, alicheka nao kila walipolitaja jina hilo, kisha akaenda chooni kunawa uso.

Filamu ilikuwa ya kuchekesha, ya kujifanya habari ya kweli: wachezaji wa poka wa Las Vegas wanafuatwa na kamera, wanahojiwa, wanajisifu, wanalia. Hakuna sentensi hata moja iliyoandikwa. Kila mwigizaji alipewa jina na tabia, akaambiwa haya, ongea. Orrin alikuwa Daktari wa Meno, mtu aliyefunga zahanati yake Ohio ili aishi kwa karata, na anayedai kwamba akikuona magego tu ameshajua umeshika nini. Verna alikuwa mkewe, Pearl, naye mchezaji. Lonnie Szabo alikuwa mtaalamu wa kucheza kwenye kompyuta ambaye hajawahi kucheza na binadamu mwenye pumzi, kwa hiyo alivaa miwani nyeusi mbili, moja juu ya nyingine, ili asitazamwe.

Kilichokuwa cha kweli ni karata. Desmond, mwongozaji, alikodi ukumbi wa kasino moja kongwe katikati ya mji, akamleta Hanh, mgawaji karata mwenye miaka ishirini na miwili kazini, mama mdogo wa umbo ambaye hata mapromota wa ndondi walimwogopa.

"Mashindano ni ya kweli," Desmond aliwaambia siku ya kwanza. "Sitaki mtu amwachie mtu. Anayetolewa anainuka, anakwenda chumba cha kusubiri, hatumwoni tena mezani. Sijui nani atashinda na sitaki kujua."

Hapo Verna akamgeukia Orrin.

Orrin alikuwa anasahau. Si kusahau funguo, maana funguo alizisahau tangu ujana. Mwezi wa tatu daktari, daktari halisi, aliwaonyesha picha za kichwa chake na kuwaambia mambo kwa sauti ya upole inayomchukiza Verna mpaka leo. Walipofika kwenye gari Orrin alisema anataka kitu kimoja tu: kazi moja zaidi, aimalize mpaka mwisho kama mtu mzima. Wiki mbili baadaye Desmond akapiga simu.

Kama kungekuwa na maneno ya kukariri, angeumbuka siku ya kwanza. Lakini hii ya kubuni papo kwa papo ndiyo kazi waliyoifanya miaka thelathini na mitano, na ina sheria moja kubwa: mwenzako akisema jambo, ni kweli. Unalipokea, unaongeza lako. Ukimkatalia umeua mchezo. Jumanne, kwenye mahojiano, Orrin alisema wana binti anaitwa June, anapiga tarumbeta. Verna hakuwahi kuzaa, na si kwamba hakutaka. Lakini akasema, "Na majirani hawajatusamehe." Watu wakacheka, June akaingia kwenye filamu.

Kwa hiyo akiwa pembeni yake, Orrin alikuwa salama. Hofu ilikuwa kile chumba cha kusubiri. Akitolewa, au akitolewa yeye Verna akabaki Orrin peke yake, dakika kumi zingetosha kila mtu ajue, na mtu asiyejua yuko wapi hawezi kuachwa mbele ya kamera. Wangemshukuru, wangemkatia tiketi, na wasingemwambia kwamba sehemu zake zimeondolewa.

Basi Verna akaiba. Kila Orrin aliposukuma sarafu, Verna alitupa karata zake ili kumwachia ushindi, ziwe nzuri kiasi gani. Alitupa malkia, alitupa wafalme, alitupa mkono wa karata ambao mchezaji wa kweli angeulilia. Hakuna aliyejua, kwa sababu karata ukishazitupa kifudifudi hazifunuliwi tena, na Hanh alikuwa mkali kwa hilo kuliko askari. Lonnie alijaribu kuchungulia Jumanne, akapigwa kofi la mkononi kweupe, na kofi lile nalo likaingia kwenye filamu. Ila Verna alikuwa mmoja tu. Wale wengine kumi aliiachia bahati, na bahati ilikuwa haijamwangusha. Jioni alimshukuru Mungu kwa hiyo bahati, huku akijua kwamba mezani pale mwizi ni yeye peke yake.

Ijumaa ile Orrin aliamka vibaya. Aliuliza mara mbili shati ni la nani. Kwenye ukumbi alitulia kidogo, maana kasino haina saa wala dirisha, na mle ndani kila mtu huuliza sasa hivi ni saa ngapi bila kuonekana wa ajabu. Verna alipapenda kwa sababu hiyo.

Hanh akagawa. Kamera zikawaka. Nusu saa ya kwanza ikaenda vizuri: Daktari wa Meno alimwambia Lonnie ana jino linalomsengenya, na Lonnie akajifunga skafu mdomoni. Orrin alipoteza mikono miwili ya karata mfululizo, sarafu zake zikabaki kiganja kimoja. Hanh akagawa tena. Verna akakunja pembe za karata zake, akachungulia. Wafalme wawili.

"Samahani," Orrin akasema.

Verna aligeuka haraka. Daktari wa Meno alikuwa na sauti ya puani. Hii ilikuwa sauti ya nyumbani.

"Samahani, jamani. Mke wangu yuko wapi?"

Mshika taa mmoja aliuma mkono wa shati asicheke, kwa kuwa mzee alikuwa anamuuliza mke wake mwenyewe, aliyekaa kiwiko kwa kiwiko naye. Desmond, nyuma ya kamera, alizungusha kidole: endeleeni.

Verna alitaka kusema ni mimi. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alitaka kumkatalia mwenzake mchezoni. Lakini nyumbani alishawahi kulisema neno hilo, na aliiona hofu iliyomwingia Orrin kwa kuambiwa na mtu asiyemjua kwamba ni mkewe.

"Ametoka kidogo," akasema. "Anarudi sasa hivi."

"Afadhali." Orrin alishusha mabega. "Mwanamke mzuri yule. Ila karata hajui."

"Hajui?" Lonnie akasema ndani ya skafu. "Mzee, jana kanitoa jasho mpaka soksi."

"Anajifanya tu. Anapiga mkwara."

Watu wakacheka, na Orrin akacheka nao, akapendeza. Verna aliona bora aendelee kuongea.

"Mlikutana wapi, Daktari?"

"Milwaukee. Juu ya duka la dobi. Tulikuwa waigizaji saba, watazamaji wanne, na mmoja wao alikuja kuchukua suruali zake." Alisubiri kicheko kiishe, hilo halikuwa limemtoka bado, kujua kicheko kinaisha lini. "Nikaambiwa niwe dereva wa basi. Nikavuta kiti, nikakaa, nikaendesha. Naendesha, nasubiri abiria, hakuna anayepanda. Wenzangu wote wananitazama tu, jasho linanitoka. Theluji imejaa nje. Halafu huyu msichana, siku yake ya kwanza, hata koti hajavua, akaja akapanda. Nikamuuliza, bibie, unashukia wapi? Akasema hajui. Mpaka leo hajashuka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hanh alikuwa ameshika karata zilizobaki kifuani.

Orrin akaweka viganja vyote viwili nyuma ya sarafu zake, akazisukuma katikati. Karata zake hakuwa amezigusa.

"Zote," akasema.

"Mbona zote, mzee?" Lonnie aliuliza polepole. "Hujamtazama mtu meno."

"Nikishinda nabaki hapa. Si ndivyo mlivyosema? Asiyeshinda anaondoka. Mimi siondoki. Akirudi asinikute atahangaika."

Lonnie alizitazama karata zake muda mrefu. Alivua miwani ya juu, akabaki na ya chini. "Mtandao umekatika," akasema, akazitupa.

Verna aliwatupa wafalme wake bila hata kuwatazama tena. Hanh akamsogezea Orrin sarafu zote, na Orrin akaanza kuzipanga kwa rangi, ametulia.

"Zimeni," Desmond akasema. "Tukale."

Hakuna aliyekwenda kula. Verna alikuwa amesimama, na kwa kuwa amesimama, watu wote walisimama.

"Desmond, mimi nimekuharibia filamu yako," akasema. "Nilikuwa na wafalme wawili hapa. Nimewatupa. Wiki nzima nimekuwa natupa. Ulisema tusiachiane, na mimi nimemwachia kila siku, kwa sababu..." Alimtazama Orrin, akashindwa kumalizia huku mumewe anasikia. "Haikuwa bahati yote. Mengine ni mimi. Ukitaka kumtoa, tutoe wote wawili, lakini usimweke chumba kile peke yake."

Desmond alifungua mdomo. Hanh akamtangulia.

"Kaa, mama," akasema.

Akanyoosha mkono kwenye karata zilizotupwa, akafanya jambo ambalo katika miaka ishirini na miwili hakulifanya wala hakuruhusu lifanywe. Alizifunua. Kwanza wafalme wa Verna. Halafu karata za Lonnie: ree mbili, ya kopa na ya shupaza, jozi ambayo mbele yake hakuna jozi.

"Sasa mbona unanivua nguo hadharani, Bi Hanh," Lonnie akasema. Macho alikuwa ameyainamisha.

"Jumatatu yule wa kofia kubwa alitupa malkia watatu," Hanh akasema. "Jumanne Bi Gloria alitupa kopa tano, akatolewa mkono uliofuata, akaondoka anaimba. Jumatano sitaki hata kuhesabu. Mimi ndiye ninayezikusanya, na mkononi mwangu nimeziona." Akazifunua na za Orrin, mbili na saba, rangi tofauti, mkono mbovu kuliko yote. "Katika mji huu nimeona watu wakiibiana kila namna. Namna hii ndiyo mara ya kwanza."

Verna alimtazama Lonnie. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu mchana, mama. Aliniita Walter mara tatu, na wewe ukaniita Walter ili asiwe amekosea. Tukakubaliana kwenye foleni ya chakula."

"Na wewe?" alimuuliza Desmond.

Desmond alikuja akachuchumaa mbele ya Verna, aliyekuwa ameshakaa. "Nani alinifundisha mimi kazi hii? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nala kwenu Jumapili zote. Mimi ninajua kwamba hakuna June. Nilipoona unavyompokea, nikasema kamera zisisimame."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Verna alilia hapo, mbele ya mafundi taa, kilio kisicho cha kuigiza hata kidogo. Aibu na ahueni vilimjia kwa pamoja. Miezi yote ile alikuwa amebeba mzigo akidhani hauonekani, kumbe watu walikuwa wameushika kwa chini, kila mmoja kwa upande wake, ili usimwelemee. Aliwapenda wote mpaka ikamuuma.

"Bibie."

Orrin alikuwa amemaliza kupanga sarafu zake. Alimtazama Verna kwa adabu, kichwa ameinamisha kidogo, mikono yote miwili juu ya ukingo wa meza uliopinda, kama ameshika usukani. Desmond alinyanyua kiganja bila kugeuka, na wapiga picha wakazielekeza kamera sakafuni.

"Mbona unalia? Umepotea?" Orrin akauliza. "Unashukia wapi?"

Verna alifuta uso kwa mkono wa blauzi ya Pearl.

"Naenda mpaka mwisho," akasema.

"Mbali huko."

"Najua."

Orrin alifikiri. Akaonyesha kwa kidevu kiti kitupu upande wake mwingine, ule wa ukutani. "Basi kaa huku dirishani, uone njia."

Verna akazunguka meza, akakaa. Mbele yake palikuwa na ukuta uliobandikwa karatasi nyekundu, umechubuka pale viti vinapougonga, na nje ya ukuta huo jua la Las Vegas lilikuwa linakaanga magari. Aliutazama ukuta kwa makini.

"Theluji imeanza," akasema.

Orrin akainama mbele yake kidogo ili aone na yeye.

"Usijali," akasema. "Nitaendesha polepole."