Dakika Nne kwa Kila Upande

Mhariri alikuwa hoi bin taaban. Siku tatu mfululizo alikuwa amevaa hedifoni, akiwasikiliza mawakili wa Mahakama Kuu wakimung'unya sheria, ili wananchi wapate kipindi cha redio cha dakika nane ambacho wangekielewa huku wakipika. Miaka kumi na moja ya kazi hiyo, na bado wakili akisema "kwa unyenyekevu mkubwa, waheshimiwa majaji," mhariri alijua kinachofuata hakitakuwa na unyenyekevu wala ufupi.

Utaratibu ulikuwa mmoja: kila upande dakika nne, na kabla ya kurushwa, kipindi kisikilizwe na Mama Usafi, mfagizi wa ofisi. Akiweza kukisimulia kwa maneno yake, kinapita. Asipoweza, mhariri anaanza upya, hata kama meneja amenuna. Mama huyo hakuwa na masihara. Wiki moja alikirudisha mara tano.

Leo mhariri aliomba kimoyomoyo asikielewe, akirudishe. Kesi ilikuwa ya wakazi wa nyuma ya kiwanda cha zamani, wanaopinga kuhamishwa na kampuni iliyouziwa eneo lile, na Mama Usafi aliishi huko tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza. Mhariri alijaribu kumtafuta dereva asikilize badala yake. Dereva alikuwa safarini, na hapo visingizio vikaisha.

Mama alikaa, ufagio katikati ya magoti, akausikiliza upande wa kampuni hadi mwisho.

"Wanasema tulipewa siku tisini za kupinga," alisimulia. "Sisi tukaenda baada ya miezi saba. Kwa hiyo hata kama tumeonewa, muda umeshatupita. Nimekosea?"

"Hujakosea, mama."

"Wakili wetu hajawahi kutuambia hivyo. Kila akitoka kule ndani anasema mambo yanakwenda vizuri. Na sisi tunampigia makofi!" Akacheka kidogo. "Haya, weka na yetu. Tumewajibu nini?"

Wakili wa wakazi alizungumza dakika hamsini. Baada ya kutenganisha pumba na mchele, kilichobaki kilikuwa nusu dakika: wakazi ni wengi, wana watoto, wanaomba mahakama iwaonee huruma. Kuhusu zile siku tisini, hakuna neno. Alikuwa amerudia kusikiliza mara nne, akitafuta walau nusu sentensi. Akabonyeza kitufe.

"Endelea," mama alisema sauti ilipokatika.

"Imeisha, mama."

"Si mnatoa dakika nne?"

"Sina cha kuzijaza. Nikiongeza la kwangu, nitakuwa nimewadanganya." Aliona aibu, ingawa si yeye aliyeichelewesha kesi.

Mama Usafi alichomoa uzi ulionasa kwenye ufagio.

"Kinarushwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Kinaeleweka. Kipitishe." Lakini hakusimama. "Ila niwekee tena upande wa kampuni, tusikilize taratibu. Nataka niwahi kuwaambia majirani mwenyewe, na sitaki nikosee."