Orodha ya Vipuri vya Presi Namba Tatu

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu Mama Spana alifungua silinda ya presi namba tatu, mashine ya kukandamiza bati, akakinga beseni ili mafuta yasimwagike sakafuni, akaichomoa pistoni na kuilaza juu ya gunia safi. Alikuwa fundi wa kiwanda hicho cha makarai ya toroli kwa miaka ishirini na mitatu, na mikono yake ilijua njia bila kuelekezwa. Siku hiyo alikuwa na hasira kabla hata hajashika spana. Presi ilikuwa imefanya kazi miezi kumi na minne bila ringi za kulika, na alijua hasa atakachokikuta ndani.

Ringi ya kulika ni kitu kidogo. Ni mkanda wa nailoni ngumu, mpana kama kidole, unaokaa kwenye mfereji uliochongwa kuzunguka pistoni. Pistoni ikielemea upande, na ya presi namba tatu ilielemea kushoto tangu siku iliyofungwa, ringi inajitia kati ili chuma kisiguse chuma. Haisukumi bati wala haizuii mafuta. Inalika yenyewe ili vingine visilike, na ikiisha inatolewa, inavishwa nyingine.

Hayo aliyaeleza miezi kumi na minne nyuma kwenye dirisha la stoo, meneja akiwa amesimama nyuma ya karani na kalamu nyekundu mkononi.

"Mama Spana, sili nazielewa," karani alisema. "Zinazuia mafuta yasivuje. Sasa hizi ringi zinazuia nini?"

"Zinazuia pistoni isiguse silinda."

"Imewahi kugusa?"

"Haijawahi. Si ringi zipo?"

Meneja akainama juu ya karatasi. "Kama haijawahi kugusa, za nini?" akasema, akaufuta mstari wa ringi kwenye orodha ya vipuri, na karani akacheka. Wanaume wawili wazima, wenye vyeti ukutani. Kila alipokikumbuka kicheko kile cha karani, damu ilimchemka upya.

Sasa aliingiza taa ndani ya silinda. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alipitisha kidole, akapitisha kucha, akaipima juu, katikati na chini kwa venia, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili. Silinda haikuwa imelika hata unywele. Ndipo akafungua chujio la mafuta, akakuta unga mweupe, laini, umejaa pomoni. Aliuchukua kidogo kwa ncha za vidole, akaunusa. Ulinuka kucha zilizokatwa.

Harufu hiyo aliijua vizuri. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea kitindamimba wao, akimkata kucha kwa wembe kila Ijumaa mlangoni. Na kitindamimba huyo ndiye aliyeendesha presi namba tatu.

Kiwandani walimwita Kifua kwa sababu alikuwa nacho. Ovaroli yake ya kwanza fundi cherehani aliiongezea kipande cha kitambaa mgongoni, na venia kubwa ya karakana, waliyompimia kwa mzaha, ilisoma sentimita ishirini na saba kutoka kifuani hadi mgongoni. Mama Spana alimfuata alipokuwa akinywa chai, akamwambia avue shati. Akambana kwa taya za venia ile ile. Kumi na nane. Upande wa kushoto ulikuwa umelika zaidi, tena kwa ulaini, kama sabuni ya kipande iliyotumika nusu.

"Ulikuwa unajua?"

"Nimeona ovaroli inapwaya, Dada."

"Inauma?"

"Haiumi. Inawasha kidogo ikifika Ijumaa." Alishusha shati. "Lakini umeiona silinda? Si inang'aa?"

Aliuliza kwa fahari. Mama Spana alitamani kumzaba kibao, akaenda kwa meneja badala yake, akamwaga ule unga juu ya meza, katikati ya mafaili.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema.

Meneja aliusogeza unga kwa rula, taratibu, usiingie kwenye kikombe chake. "Na silinda?"

"Silinda nzima. Anayeisha ni yeye. Mliondoa ringi, sasa yeye ndiye ringi."

"Nzima kabisa? Haina mkwaruzo?"

"Unanisikia ninachosema?"

"Nakusikia, Mama Spana. Miezi kumi na minne bila mkwaruzo. Hii lazima makao makuu waione."

Wiki hiyo hiyo Kifua alipewa cheti, akapigwa picha akiwa ameegemea presi, na picha ikatundikwa karibu na saa ya ukutani. Kwa kuwa presi namba tatu ilikuwa imeshinda zote, ikaongezewa zamu ya pili. Wenzake walimpongeza. Mmoja alimtania kwamba akizidi kupungua, wawili wataingia kwenye kabati moja la nguo. Kifua alicheka, na dada yake akaona jinsi kicheko kilivyokosa nafasi ya kutosha ndani yake.

Mama Spana hakucheka na mtu. Alitafuta gurudumu la nailoni la mkokoteni uliovunjika, akalichonga kwenye mashine ya kukereza, akalipima na kulipima tena mpaka likawa ringi mbili sahihi. Jumanne moja, mwezi mmoja baada ya kile cheti, saa ya chakula cha mchana, alizivisha kwenye pistoni. Chakula cha mchana kilikwisha naye bado yumo ndani ya mashine, na presi ikasimama kwa saa nne nzima. Kwa siku tisa zilizofuata alimpima mdogo wake kila asubuhi, na kila asubuhi venia ilisoma kumi na sita na nusu, haipandi wala haishuki. Chujioni akakuta chembe nyeusi za nailoni, basi. Siku ya tano alijikuta anaimba akifunga nati, akanyamaza kwa aibu.

Siku ya kumi meneja alikuja na kitabu cha zamu.

"Presi ilisimama kwa saa nne. Kwa ruhusa ya nani?"

"Niliweka ringi."

"Ringi hazimo kwenye orodha. Kifaa kisichomo kwenye orodha hakikai kwenye mashine. Utazitoa leo, au atakuja fundi mwingine azitoe, na wewe getini."

Hapa ndipo hasira inapokaba, kwa sababu alizitoa. Alizitoa kwa mikono yake mwenyewe, akiuma meno, akijiambia kwamba akifukuzwa hakutabaki mtu wa kumpima mdogo wake wala wa kumpigania. Meneja alisimama pale pale mpaka ya pili ikatoka, kisha akazitia mfukoni. Kifua alishika beseni la mafuta. Alimwangalia tu dada yake, naye akajifanya anatafuta kitambaa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, maana zamu zilikuwa mbili. Kumi na mbili. Tisa. Sita. Kifua alianza kuingia nyumbani bila kufungua mlango, kupitia upenyo wa fremu, na mkewe akamkataza kwa sababu alikuwa anabandua rangi. Upepo ulipovuma walimweka ndani. Alikula vizuri, alilala vizuri, na kila Ijumaa alijikuna.

Mwezi wa ishirini na sita presi ilianza kugonga. Fundi yeyote anaujua mlio huo: ringi imeisha, pistoni inacheza. Mama Spana aliusikia akiwa mwisho mwingine wa karakana, akakimbia. Kifua alikuwa amesimama mahali pake, mkono kwenye wenzo, na ukimtazama kwa ubavu humwoni. Venia ilisoma milimita tatu.

"Huyu amekwisha," alisema meneja, akaandika tarehe.

Walimrudisha nyumbani akiwa amekunjwa mara mbili ndani ya turubai jipya, pamoja na cheti. Mkewe alimtandaza kitandani, akamgandamiza kwa mito pembeni. Anaongea bado, ila sauti yake ni nyembamba, na kila dada yake anapokwenda kumwona anauliza kama silinda haijakwaruzika. Haijakwaruzika. Mama Spana anamwambia hivyo, kisha anatoka na kwenda kuutukana ukuta wa kiwanda mpaka pumzi inamwishia.

Orodha mpya ya vipuri ilibandikwa Jumatano. Pale palipokuwa na mstari uliofutwa kwa kalamu nyekundu palikuwa pamepigwa chapa vizuri: mtu, mmoja, kila miaka miwili. Alhamisi asubuhi watu arobaini na mmoja walikuwa wamepanga foleni getini, mashati mikononi. Mama Spana aliamriwa awapime, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na uzoefu.

Alimwambia kila mmoja arudi nyumbani. Walimwitikia, "Sawa, mama," wakanyanyua mikono.

Wa kumi na saba alikuwa mwanamke mpana, mabega ya mtu aliyebeba mizigo tangu usichana.

"Unajua kazi yenyewe?" Mama Spana alimuuliza.

"Nimeambiwa."

"Wamekuambia kwamba hutabaki na kitu?"

"Wamesema. Yule wa kwanza alikaa muda gani?"

"Miezi ishirini na sita. Ni mdogo wangu yule."

"Pole, mama." Mwanamke alihesabu kwa vidole. "Binti yangu amebakiza miaka miwili amalize shule. Itatosha."

Mama Spana akambana kwa venia. Ilisoma ishirini na tisa, kipimo kikubwa kuliko vyote vya siku hiyo, kikubwa hata kuliko cha Kifua. Aliandika kumi na nne kwenye fomu, akampa ili akataliwe, aende zake, aishi.

Mwanamke aliisoma fomu, akaisoma tena. Kisha akairudisha mezani na kuvua hata fulana ya ndani.

"Mama, usinipunje," alisema. "Pima tena."