Kabureta ya Pijo

Albano alifika Kinondoni Jumamosi asubuhi na pikapu yake ya Pijo, akaiegesha ikiziba njia ya kutokea uani, akashuka na mfuko wa spana. Hakupiga hodi. Yuliana alikuwa nyuma ya nyumba akifua, akasikia boneti ya gari ikifunguliwa. Akaacha nguo ndani ya karai, akazunguka mbele na mikono yenye povu.

"Shikamoo shemeji. Unatafuta nini humo?"

"Marahaba. Kabureta." Albano hakuinua hata kichwa. "Ya kwangu inakufa, na nina mzigo wa mpingo unaningoja Kisarawe. Wachongaji hawana kazi wiki nzima. Hili limekaa tu."

"Halijakaa. Jana nimekwenda nalo kazini."

"Ndiyo hayo. Mwenzio yuko vitani, wewe unatembeatembea na gari."

Lilikuwa Pijo 404, rangi ya maziwa zamani, sasa limebabuka kila upande. Leonardi, mume wa Yuliana, alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Tangu spea zilipoadimika madukani, watu wengi wenye magari kama lile waliyatelekeza barabarani yakawa mabanda ya kuku. La Leonardi lilitembea kwa sababu ya mkewe. Leonardi, karani wa bandarini, alijua kuendesha tu; likizima, alishuka akalipiga teke tairi. Yuliana alijifunza ufundi jeshini, Jeshi la Kujenga Taifa, ambako alipangiwa malori wakati wasichana wenzake wakipangiwa jikoni na shambani. Platini za kuwashia cheche alizisugua kwa msasa. Fenibelti, mkanda wa feni, ilipokatika alikata mpira wa tyubu akaushona kwa uzi wa viatu. Tangi lilipovuja alipaka sabuni ya kipande mpaka tundu likaziba. Na kila asubuhi gari lile lilimfikisha Temeke, kwenye zahanati alikokuwa muuguzi, wakati wenzake wakigombania mabasi.

Mwanzoni mwa mwaka ule Leonardi alipochukuliwa pamoja na mgambo wengine kwenda vitani Kagera, alimshika mkewe bega penye mlango. "Mama Adelina, gari nakuachia wewe. Mtu asiliguse." Yuliana aliyasikia maneno hayo vizuri.

Sasa shemeji yake alikuwa ameinamia injini, spana tayari imeshika nati.

"Toa mkono, shemeji," Yuliana alisema.

"Nenda kafue."

Yuliana aliishika boneti akaanza kuishusha. Hakuisukuma kwa nguvu, ila hakuisimamisha pia. Albano aliuvuta mkono wake dakika ya mwisho, ukingo ukamchubua vidole. Akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Unataka kunikata mkono? Mie kaka wa mumeo?"

"Nimekwambia utoe."

"Gari la ukoo hili! Sie ndugu tumezaliwa tumbo moja. Wewe umekuja na sanduku lako la nguo."

"Basi na nguo zangu zinaningoja," Yuliana akasema, akakaa juu ya boneti na kanga yake iliyolowa mpaka pikapu ilipoondoka, ikikohoa njia nzima.

Jumapili ya wiki iliyofuata alikwenda kanisani kwa miguu na binti yake Adelina, maana petroli ilikuwa ya kuokoteza na aliyokuwa nayo aliiweka kwa siku za kazi. Aliporudi alikuta doa la petroli kavukavu kwenye mchanga chini ya gari. Akafungua boneti. Pale kabureta ilipokuwa palikuwa na tundu tupu, limeachwa wazi linaingia vumbi. Aliyeing'oa hata kitambaa cha kuziba hakuweka.

"Shemeji yako alikuja," jirani alimwambia juu ya ua. "Kasema mmekubaliana."

Yuliana hakubadili hata gauni. Alimwacha mtoto kwa jirani, akachukua basi, akabadilisha mjini, akashuka Temeke akiwa bado na viatu vya kanisani. Gereji ya Kornelio, fundi wa pikapu ya shemeji yake siku zote, ilikuwa kiwanja kitupu chenye uzio wa mabati, nyuma ya soko. Pikapu ya Albano ilikuwa katikati, boneti juu, injini inanguruma taratibu, safi kabisa. Mngurumo ule ulimuuma kuliko wizi wenyewe.

"Yuko wapi mwenye gari?" aliuliza.

"Kaenda kunywa chai," Kornelio alijibu. Kisha akaona macho ya mwanamke yule na kabureta aliyokuwa anaitazama. "Mama, mie nimeletewa kazi tu. Sitaki ugomvi."

"Zima injini. Nipe spana ya kumi na tatu."

Kornelio alizima, lakini spana hakutoa. Yuliana aliiokota mwenyewe chini. Kabureta ilikuwa ya moto; aliifunga kwa shela yake ya kanisani akaanza kulegeza nati. Alikuwa ameshaing'oa, petroli inamchuruzikia kwenye gauni, Albano alipotokea mlangoni na kikombe mkononi.

Albano alipiga kelele moja tu. "Mwizi!"

Soko lilikuwa jirani, na neno lile halihitaji kurudiwa. Uwanja ulijaa watu. Kijana mmoja aliyevua shati alimkamata Yuliana nyuma ya gauni, mshono ukaachia. Mwingine alikuwa tayari na kipande cha nondo. Albano alisimama pale pale na kikombe chake. Alimjua mwanamke yule. Alicheza harusini kwake.

Yuliana alipaza sauti. "Mie ni muuguzi wa zahanati hii hapa ya jirani. Huyu ni shemeji yangu, mwulizeni. Kabureta hii kaitoa kwenye gari letu asubuhi tukiwa kanisani." Akaigeuza juu chini wote waone. "Tazameni gasketi yake, hii karatasi ya kuziba hewa chini. Nimeikata mwenyewe kwa jalada la faili, hili la kijani. Nani anaweka gasketi ya kijani?"

Mzee mmoja alisogea, akatazama, akagusa kwa kidole. Jalada la kijani lilionekana ukingoni, na maandishi ya kalamu yalikuwa bado hayajafutika. Watu wakamgeukia Kornelio.

"Ilikuja hivyo hivyo," Kornelio alisema bila kumtazama Albano. "Sikuikata mie."

Mkono ulioshika gauni uliachia. Mwenye nondo alicheka kidogo, akaondoka. Yuliana alimwendea Albano mpaka karibu kabisa.

"Walikuwa wananiua, shemeji. Ulikuwa umesimama unatazama."

"Leonardi akirudi," Albano alisema, na mdomo ulikuwa unamcheza kwa hasira, "atasikia ulivyonidhalilisha mbele za watu."

"Mwambie. Na hili la leo usilisahau."

Albano alitema mate karibu na viatu vya Yuliana. Yuliana akaifunga kabureta kwa shela, akaondoka nayo.

Baada ya siku ile walikuwa maadui wa wazi. Albano alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, mzee Alfonsi, kushtaki kwamba mali ya ukoo imekaliwa na mwanamke. Balozi aliwaita wote wawili, akasikiliza, akaamua kwamba mwenye gari yuko anapigania nchi, na mpaka arudi gari libaki lilipo. Albano alitoka bila kuaga. Akapeleka maneno kwao Masasi kwamba mke wa Leonardi anabeba wanaume ndani ya Pijo. Mama mkwe alituma mtu kutoka kijijini kuja kumuuliza. Yuliana alimpa mgeni yule chakula na mahali pa kulala, asubuhi akamwonyesha kiti cha nyuma kilichojaa maboksi ya dawa za zahanati. "Hawa ndio wanaume wangu," alimwambia. Mgeni aliona aibu, lakini maneno yalikuwa yameshafika Masasi, na hayakurudi.

Kila jioni sasa Yuliana aliing'oa kabureta, akaiingiza ndani, akaificha kwenye sufuria kubwa chini ya meza. Kila alfajiri aliifunga tena. Mikono yake ilinuka petroli hata alipokanda unga, na Adelina alikataa maandazi ya mama yake. "Yananuka gari," mtoto alisema. Yuliana alimfokea, akajuta, kisha siku iliyofuata akamfokea tena. Alikuwa amechoka. Hasira yake dhidi ya Albano aliibeba kila mahali kama mzigo kichwani. Hata wagonjwa waliiona. Lakini alisema moyoni kwamba siku Leonardi atakaporudi ataingia uani, atakuta gari lake zima, atawasha, litawaka. Siku hiyo yote yataeleweka.

Leonardi alirudi mwisho wa mwaka, amekonda, ndevu zimemjaa, na jino moja la mbele halipo. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Alimbeba Adelina, akamkumbatia mkewe, akazunguka gari akilipapasa. Yuliana aliwasha. Likawaka kwa kugusa mara moja tu. Leonardi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya pili alasiri Albano alikuja na mbuzi wa kumpokea mdogo wake. Alimpita Yuliana mlangoni kama anayepita nguzo. Wakakaa sebuleni, na mambo ya vita yalipokwisha Albano aliweka mikono magotini.

"Sasa, mdogo wangu. Mkeo alinifanya mwizi Temeke. Watu mpaka leo wananicheka. Sema leo mbele yake, uliniambia nini siku unaondoka?"

Leonardi alitazama kikombe chake.

"Sema, Leonardi."

"Kaka, mambo ya zamani hayo..."

"Uliniambia hivi: kaka, ukikwama na pikapu, chochote cha kwenye Pijo chukua. Uliniambia au hukuniambia?"

Yuliana alikuwa amesimama na sinia ya nyama. Aliiweka chini polepole. "Baba Adelina. Mie uliniambia mtu asiliguse."

"Ndiyo," Leonardi alisema.

"Na yeye ulimwambia achukue?"

"Ndiyo. Ile siku... kila mtu alikuwa ananitaka nimwahidi kitu. Lori la jeshi lilikuwa linapiga honi nje, tunaitwa. Nilijua nakwenda kufa. Mtu anayekwenda kufa anakataa vipi?"

"Mie walinishikia nondo," Yuliana alisema. "Unajua? Huyu kaka yako alisema mwizi, akanyamaza."

"Kwa kuwa ulikuwa mwizi!" Albano alipaza sauti. "Ya kwangu ulikuwa unaiba! Yeye alinipa!"

"Nyie ni watu wazima," Leonardi alisema, akiinua viganja. "Mngekaa mkaelewana. Sasa nimerudi, yaishe. Tule nyama."

Yuliana alimgeukia mumewe. Kama angemkaripia Albano, angemsamehe. Kama angemwambia Yuliana kwamba yeye ndiye aliyekosea, huenda pia angemsamehe. Lakini yule alikuwa anamega ugali.

"Chagua," alimwambia. "Hapa hapa. Kabureta ni ya nani?"

"Mama Adelina, jamani..."

"Ya nani?"

Leonardi alichovya tonge kwenye mchuzi. Yuliana alitoka nje. Walimsikia akifungua boneti, halafu chuma kikigusa chuma, bila haraka. Akarudi ameishika kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza katikati ya sinia na bakuli la mchuzi, petroli ikaenea kwenye kitambaa.

"Hii ndiyo uliyoahidiwa, shemeji."

Albano alimtazama mdogo wake. Akaichukua. Hakuaga, na nyama ya mbuzi aliyemleta hakuionja.

Tangu siku ile Yuliana alipanda basi kwenda Temeke, akaamka mapema zaidi kuliko zamani. Hakugombana na mumewe. Alimpikia, alimfulia, alimjibu alipoulizwa, na zaidi ya hapo hakumpa neno. Gari lilikaa uani, vumbi likajaa vioo. Leonardi alizunguka mji mzima akitafuta kabureta, akaomba kwa wenye magari mabovu, akaandikisha jina kwenye duka la spea, akangoja. Mvua za masika zilikuwa zimeshakata alipoingia na kifurushi cha gazeti, uso unamng'aa.

"Nimeipata! Imetoka kwenye Pijo moja iliyogonga huko Ukonga. Mama Adelina, nifungie."

Yuliana alikuwa anachambua mchele barazani. "Mwite kaka yako akufungie."

"Usinifanyie hivyo."

Yuliana alipeperusha ungo. Leonardi akaokota spana mwenyewe. Jua lilimkuta ameinama, jasho linamtoka, nati zinamwangukia mchangani. Hatimaye akaingia garini akawasha. Staata ilizunguka, ikazunguka, injini ikashika nusu, ikapiga mlipuko nyuma, ikafa. Akajaribu tena. Ikafa tena.

Kwa sauti ile tu Yuliana alijua. Leonardi hakuweka gasketi, hewa ilikuwa inaingia chini ya kabureta. Kipande cha karatasi ngumu na mkasi, kazi ya muda mfupi.

"Ina nini?" Leonardi aliuliza kutoka dirishani mwa gari. "Yuliana! Ina nini hii?"

Yuliana aliokota kokoto kwenye mchele, akaitupa uani.